Ofisi ya Kuhakiki Hiari

Umma unatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, ni marufuku mtu kujitolea bila kibali. Tangazo hilo nililiandika mimi, Mkurugenzi wa Uhakiki wa Hiari, na sijutii hata nukta. Watu walikuwa wameanza kujitolea ovyo.

Chanzo ni daktari wa utafiti aliyepewa vyumba viwili ghorofa ya chini. Anajaribu dawa ya baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili humgeuka mwenye mwili ikamshambulia viungo. Akaomba wagonjwa wa kujitolea. Tukakaa vikao sita, tukatoa mwongozo: kujitolea ni kutoa bila kutarajia chochote. Mgonjwa anatarajia kupona. Kwa hiyo mgonjwa hajitolei, ana tamaa. Waletwe wazima.

Wa kwanza kugonga mwamba alikuwa mama mmoja fundi cherehani, vidole vimemvimba.

"Mwanangu, mwezi wa tatu huu sijakata kitambaa. Mkasi hauniingii. Niandike tu, nakuomba."

"Mama, unataka kupona?"

"Sasa nitake nini, kuugua vizuri?"

Amekiri mwenyewe. Nikamgongea muhuri: IMEKATALIWA, TAMAA.

"Makubwa haya!" akasema, akaenda kuketi kwenye benchi la korido. Kila siku akawa anarudi palepale, kazi kunikodolea macho.

Wazima nao wakaingia mitini. Nikatoa waraka: watumishi wote wajitolee Ijumaa saa mbili asubuhi, kwa hiari, na asiyejitolea kwa hiari atachukuliwa hatua. Wakaja wote, nimewatangulia mimi.

Daktari alichoka kabisa. "Mkurugenzi, niliomba wagonjwa. Hawa niwatibu nini, uvivu?"

"Taratibu zimezingatiwa, daktari."

Akatupima hivyohivyo, damu kwanza, kisha viungo. Zamu yangu ya viungo ilipofika akanibonyeza vifundo vya vidole, nikaruka.

"Asubuhi vinakaza?"

"Saa nzima. Ni uchovu wa kusaini."

"Si kusaini, ndugu yangu. Majibu ya damu nayo yanasema hivyo. Unaumwa."

Sitaki kuficha, niliogopa.

"Niandike basi."

"Imebaki nafasi moja, hospitali nyingine zimejaza zao, na orodha inafungwa saa sita. Lakini wewe mgonjwa. Mwongozo wako unakukataza."

Mwongozo wa vikao sita niliufuta kwa dakika nne, nimesimama, karatasi nimeiegemeza mgongoni kwa mhasibu. Nikagonga muhuri. Nikampa karani wangu, mtu makini mno, nimemfundisha mwenyewe. Akaisoma kwa sauti, akafungua faili, akakohoa.

"Mkuu, mwongozo ukifutwa, waliokataliwa wanarudi kwenye foleni kwa tarehe zao za maombi."

"Nani aliomba kabla yangu?"

Akafungua mlango wa korido. "Mama wa cherehani! Njoo usaini!"

Akasaini taratibu, kalamu ameishika kwa mikono miwili. Daktari akaifunga orodha. Nikajikaza kisabuni, nikamfuata mama mlangoni.

"Mama yangu, nami naumwa, wallahi. Hujaanza dawa bado. Niachie nafasi hiyo, kwa hiari yako tu."

Akanishika vidole polepole, kama anayejua panapouma.

"Pole sana, mwanangu," akasema, na alimaanisha. "Ningekuachia. Ila hiari yangu haijahakikiwa."