Pole ya Kizungu

Jumatatu, 5 Machi 1956. Iringa.
Memsabu wa klabu yetu ya ushonaji anatafuta msichana wa kumpeleka shule ya bweni. Mmoja tu. Leo Siwema, mke wa mwenye duka, kamwamkia kwa Kizungu, memsabu akacheka mpaka ufizi ukaonekana. Mimi nimesimama kama kinu. Binti wa Siwema, Zuena, ataondoka, Severina wangu atabaki kuchota maji. Jioni nikamwomba Severina anipe kitenzi cha kutoa pole kwa Kizungu, nami nimsemeshe memsabu. Kanipa: apolojaizi. Ila mwalimu wao kasema hicho ni cha mwenye kosa. Nikamwambia basi mwalimu hana adabu. Pole hupewa kila mtu, hata aliyejikwaa njiani.

Jumatano, 7 Machi.
Cherehani ya memsabu, anayotuazima, imekutwa gurudumu limevunjika. Ya marehemu mama yake. Wenzangu wote pole, pole. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nikajipenyeza mbele, nikamshika mkono: ai apolojaizi. Akaniuliza kitu kirefu. Nikajibu yesi, ai apolojaizi veri machi. Siwema kaguna, eti hee, Mama Severina, kumbe ni wewe. Nimerudi khanga usoni, nimepita mashambani nisionwe.

Ijumaa, 9 Machi.
Nilikwishajipanga kwenda kusema sikuigusa. Memsabu kanitangulia, kaja mwenyewe mpaka jikoni. Anasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, wengi wangeficha, mimi nimekiri, na binti wa mama msema kweli ndiye anayemtaka. Severina ataenda. Nikafungua mdomo niseme. Nikamkaribisha chai. Mtoto anaimba, mimi natazama moto.

Jumapili, 11 Machi.
Natoka kanisani, namkuta Siwema mlangoni kwangu analia. Cherehani aliiangusha yeye. Usingizi hapati, kesho anakwenda kwa memsabu kunisafisha. Nikamwambia Siwema mwenzangu, niache nilivyo mchafu. Nimembembeleza, nimempa mayai. Hataki. Anasema mimi ni mtu mwema mno. Nimeona aibu hata kumtazama miguu.

Kesho nitamwahi kwa memsabu, nikiri tena kabla hajanisafisha. Nimemwomba Severina kitenzi kingine, kizito zaidi. Akaanza kunieleza kinavyotumika. Nimemwambia maelezo aache, anipe neno.