Ombi la Muhuri kwa Doa la Kisigino

Mwl. Leonardi Mapunda (mstaafu),
Mbagala, Temeke.

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UYOGA, MKE WANGU NA KISIGINO CHANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wako halali, na nina doa jeusi chini ya kisigino cha kushoto. Lilianza kama punje ya mtama, sasa limefika ukubwa wa kifungo cha shati. Nimefundisha maduara miaka thelathini, na hili si duara.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa tatu ulituletea mtaalamu wa kilimo cha uyoga pale ofisini kwako. Alisema watafiti wanachunguza viini vya uyoga kwa ajili ya madoa ya ngozi, hata saratani ya ngozi. Alipofika kwenye "lakini", nilikuwa nimeshatangulia kwenye foleni ya pilau. Ofisi yako ilikosea kupika pilau la harufu ile wakati mtu anafundisha.

2. Nimeotesha uyoga chumba cha wageni, nikausaga, nikaupaka kisiginoni siku arobaini. Doa halikutikisika. Uliobaki niliupaka usoni, maana mstaafu naye ana haki ya kung'aa. Niliota vipele, na wajukuu wanasema nanukia supu.

3. Mke wangu Anjelina aliiunga dawa yangu kwa nazi, familia nzima ikala dozi ya wiki mbili. Hata mimi niliongeza sahani, lakini hilo si msingi wa malalamiko.

4. Jirani yetu Jenipher, muuguzi, alikichungulia kisigino changu bila kibali nikiwa nimejilaza barazani. Akamwambia Anjelina kwamba doa linalokua hivyo hupimwa hospitali, tena wiki hii hii. Tangu hapo nyumba yangu haina amani.

Kwa hiyo naomba barua ya utambulisho yenye muhuri wako, ieleze kwamba doa hili ni mkazi wa muda mrefu, halijawahi kulalamikiwa na majirani, wala halina mpango wa kuhamia sehemu nyingine za mwili. Umeshawathibitisha watu wengi usiowajua kabisa. Mimi angalau unanifahamu.

Naomba unisalimie mtendaji, wajumbe wote, na akina mama waliopika.

Wako katika ujenzi wa mtaa,
Mwl. Leonardi Mapunda

N.B. Barua hii naiandikia kwenye benchi la kliniki ya ngozi. Anjelina amezikalia kandambili zangu nisitoroke. Daktari ameshakiona kisigino. Hakucheka, anataka kukata kipande kikapimwe. Nilipomuuliza habari za uyoga, alisema bado uko maabara, niuache huko huko, mimi niingie chumba cha pili. Muhuri acha tu. Sasa hivi wameita jina langu. Naogopa, Mwenyekiti, ndiyo maana nimeandika kirefu hivi.