Kifo Changu Redioni

Jumatatu, 3 Juni
Msiba. Mtunzi wa mchezo wetu wa redio kasema hadithi itaruka miaka. Humo naigiza binadamu pekee kwenye sayari ya mbali. Wenyeji wake huishi miaka mia tisa. Kwa hiyo Ijumaa nakufa kwa uzee, na Pipa, anayeigiza mwenyeji rafiki yangu, anabaki na kazi yake. Na ile sauti! Debe tupu, ndiyo maana linavuma. Alinipa pole huku akitafuna karanga zangu. Mama sikumwambia. Siku hizi hatoki kitandani, na jioni yake yote ni kunisikia mimi.

Jumanne, 4 Juni
Nilimpelekea mtunzi chai na keki. Nikashauri, kwa upole, kwamba mwenyeji angeweza kumgawia binadamu nusu ya miaka yake. Akauliza nani atakubali. Nikasema rafiki wa kweli. Kumbe Pipa yuko mlangoni. Akasema yeye hata mwavuli wake hagawi. Keki ikaliwa, ushauri ukabaki. Jioni nikaigiza mzee wa miaka hamsini. Mama kaniambia nina mafua.

Jumatano, 5 Juni
Mchezo wetu haurekodiwi, huenda hewani moja kwa moja. Kilichosemwa kimesemwa. Basi leo nikachomeka maneno yangu: eti nimekunywa maji ya kisima cha wenyeji na nasikia ujana unanirudia. Fundi mitambo akashika kichwa. Pipa hakubabaika. Akasema kwa huzuni kwamba maji yale huwarefushia maisha wenyeji, ila kwa binadamu ni sumu. Akaniuliza nina wosia gani. Ningefanyaje? Nikakata roho hapo hapo, kabla hata ya siku yangu. Muziki wa maombolezo ulikuwa tayari, sijui kwa nini.

Alhamisi, 6 Juni
Jana niliporudi nilimkuta mama kageukia ukutani, redio imezimwa. Nikamshika mkono, nikamwambia mimi hapa, mzima. Akasema anajua, yeye si mtoto. Ila alikuwa amejipangia kwamba atangulie yeye, na mimi nibaki nikisema humo redioni. Nililia kama niliyefiwa kweli. Nimemwapia kwamba sitauchezea tena mchezo wa watu.

Ijumaa, 7 Juni
Mtunzi kanihurumia, kanipa nafasi mpya kuanzia Jumatatu. Kiumbe mwenye mabawa, wa sayari ya jirani. Jamii yake huzaliwa asubuhi na kufa jioni. Pipa kanipa pole tena. Mama niliposema narudi hewani aliomba redio isogezwe karibu na mto wake. Hakuuliza ni kwa muda gani.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikiwaza. Hakuna aliyesema siku ya sayari ile ina urefu gani. Jua lao laweza kukawia kutua, hata miaka elfu. Jumatatu nitalitamka hilo hewani, kabla Pipa hajafungua mdomo.