Mistari Iliyokataa Kusogea Kulia

Jumatatu, 6 Machi 1995
Kiwanda kinafunga ofisi zake za Likasi moja baada ya nyingine. Katika chumba cha kompyuta tuko wawili, atabaki mmoja: mimi Philippe au Laure. Atakayebaki ataendelea kupokea unga wa kila mwezi. Papa Symphorien, mkuu wetu, atakagua programu zetu Ijumaa. Yangu inafanya kazi bila dosari. Sura yake, asema, ni ukuta: mistari yote imeegemea kushoto. Anataka mistari inayotegemea sharti lililo juu yake isogezwe kulia, kila familia ya mistari ionekane. Swali la kuvutia: mistari mingi husogezwaje kwa mkupuo?

Jumanne, 7 Machi
Nimeitia alama mistari yote ya kipande kimoja, nikabonyeza kitufe cha kuruka nafasi. Ajabu. Nafasi ilipatikana, mistari ikatoweka. Nimeiandika upya hadi adhuhuri. Laure alisema programu yangu imeanza Kwaresima.

Jumatano, 8 Machi
Uvumbuzi. Papa Symphorien hukagua kwenye karatasi. Kwa nini basi niihangaishe mistari, ilhali karatasi inasogezeka? Nimechapisha kipande cha kwanza, nikaivuta karatasi kushoto kwa upana wa vidole viwili, nikachapisha cha pili. Familia zimejipanga kwa heshima. Laure aliniona na rula.

“Fundi wa nguo, uko unashona robe ya nani?”

“Ya weye, Mama Laure. Nguo ya kwenda nayo kulima kule Kapolowe, kazi ikikuishia.”

Ijumaa, 10 Machi
Papa Symphorien aliinua karatasi yangu dirishani. “Philippe, ile iko muzuri sana.” Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akaomba nimfungulie programu ileile kwenye skrini, abadilishe jambo dogo. Ukuta. Akauliza ni nani basi aliyesogeza mistari. Nikamweleza, kwa ufasaha, kwamba iliyosogea ni karatasi. Akaketi. Alicheka hadi akavua miwani. Nafasi amepewa Laure.

Jumamosi, 11 Machi
Nimekusanya vitu vyangu. Laure, kwa huruma, alinionyesha: unaitia alama mistari, unashikilia kitufe kimoja, unagonga herufi mbili, familia nzima inahama. “Ni vile tu, Philippe.” Nikamshukuru kwa adabu zote. Jambo kubwa kama hili haliwezi kuwa jepesi kiasi hicho. Lazima kuna kanyagio chini ya meza yake. Jumatatu nitaomba ruhusa ya kuja kuaga rasmi. Nitakuja na tochi.