Wiki Niliyoacha Kulala

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika kazini saa tatu na dakika arobaini. Tena! Baridi ya Juni si ya kuchezea, na blanketi langu lina huruma kuliko watu wote wa Lesetlhana. Chifu Sedimo alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya kgotla, baraza letu la kijiji, mikono nyuma. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba karani mkuu anastaafu, nafasi ni moja, sisi makarani wadogo tuko wawili, na Jumatatu ijayo atamtaja aliyekuwa mezani saa moja na nusu kila siku.

Wawili, yaani mimi na Tebatso Mmolawa. Tebatso huamka saa kumi alfajiri. Hukimbia hadi barabara kuu na kurudi, hunywa maji moto, kisha hufagia uwanja wa kgotla akiimba. Kwa hiari yake! Leo aliniuliza kwa upole kama upande wa kwetu jua huchomoza saa tatu.

Si uvivu. Ni mwili. Asubuhi kichwa changu ni gunia la mtama. Lakini usiku, kijiji kizima kikipiga miayo, akili yangu inafunguka kama duka. Shangazi Boitshoko, ninayeishi kwake, anasema viumbe wasiolala usiku ni wawili, bundi na mchawi, na mabawa kwangu hajayaona.

Sasa ni saa saba usiku na nimepata njia! Kinachonishinda ni kuamka. Mtu ambaye hakulala hana haja ya kuamka. Basi sitalala. Nitakesha, kisha moja kwa moja kazini. Ajabu hakuna aliyewahi kufikiria hili.

Jumanne, 4 Juni

Ushindi! Mezani saa kumi na mbili na robo. Tebatso alisimama na ufagio wake kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni.

Siri ni kutembea. Ukikaa karibu na moto, usingizi unakuiba. Nilijifunga blanketi, nikachukua tochi, nikaifunika kitambaa chekundu ili mwanga usiwasumbue mbwa. Nikazunguka kijiji tangu saa nane. Kimya kama watu wamehama.

Jambo moja tu sikulipenda. Mbwa waliamka hata hivyo. Walitoka mmoja mmoja, wakasimama malangoni. Hakuna aliyebweka. Wala hawakuwa wakinitazama mimi. Walitazama nyuma yangu kidogo.

Nililala saa mbili hadi saa nne katika chumba cha majalada, juu ya vitabu vya alama za ng'ombe. Hakuna aliyegundua.

Jumatano, 5 Juni

Saa nane usiku, nyuma ya shule, hatua. Nikisimama, zinasimama. Lakini zinachelewa kidogo, kama mtu anayesikiliza kwanza, ndipo anakumbuka kusimama. Nikauliza kwa sauti ya kiume, nani? Sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga.

Asubuhi mezani kwa wakati, macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Wa kwanza mlangoni alikuwa Mzee Kelapile. Mbuzi wake amekufa. Na mkewe ameona taa nyekundu ikipita njiani usiku, inaelea, haina mtu. Anataka iandikwe. Ikaandikwa. Na mimi! Mwandiko mzuri kabisa: mshukiwa hajulikani. Kwa ajili ya ukamilifu nikauliza taa ilikuwa juu kiasi gani. Mzee akanionyesha kwenye kiuno changu mwenyewe.

Tebatso akasema huo ni uchawi mtupu, yeye ameunusa tangu Jumatatu.

Alhamisi, 6 Juni

Mchawi amepatikana. Siyo mimi! Nilifurahi, labda kwa muda wa kufunga kifungo kimoja cha koti. Kisha nikasikia jina.

Bibi Gasennelwe, mjane wa nyumba ya mwisho, njia ya bwawani. Ushahidi ni kwamba dirisha lake lina mwanga usiku kucha, tena wiki iliyopita alimtazama yule mbuzi. Watoto wameambiwa wasipite kwake. Jana jioni mtu alimrushia mawe paani, na bati moja limepinda.

Nilipougua surua nikiwa mdogo, mama yangu kazini mjini, ni Bibi huyu aliyekaa nami usiku kucha akinipaka mafuta. Sijaweza kumaliza uji leo.

Nikisema ukweli, nafasi inakwenda kwa Tebatso na uchawi unakuja kwangu. Nikinyamaza, watamfukuza kijijini. Yapo mambo mawili, na yote mabaya. Lazima kuwe na la tatu.

Lipo! Kesho usiku kuna ibada ya mkesha. Bibi atakuwa kanisani, mbele ya macho ya wote. Mimi nitapeleka taa bwawani, upande wa pili, nikaipunge hadi waione. Mtu hawezi kuwa mahali pawili. Bibi atakuwa salama na mimi sitakuwa nimesema neno.

Jumamosi, 8 Juni

Waliiona. Kanisa zima lilitoka nje, Bibi akiwa katikati yao, wakaiona taa ng'ambo ya maji. Kazi safi.

Sasa wanasema mwili wake ulikuwa kanisani na yeye mwenyewe alikuwa bwawani. Wanasema ni hatari kuliko walivyodhani! Kesi ni Jumatatu, na atakayeandika ni mimi.

Kuna jambo jingine. Nilibaki bwawani hadi alfajiri maana niliogopa kukutana na watu. Umande ulioganda ulikuwa umetanda kwenye majani, mweupe kama chumvi. Kulipopambazuka nikaona njia niliyokuja. Nyayo za viatu vyangu. Sambamba nazo, nyayo nyingine, ndefu, peku, vidole vyote vinaonekana. Zilikuja nami hadi ukingoni. Pale nilipokuwa nimepiga magoti kufunga kamba ya kiatu, zilikuwa zimesimama ubavuni kwangu.

Nilikimbia hadi nyumbani. Shangazi akashangaa, akasema hajawahi kuniona macho saa kumi na mbili Jumamosi, labda nimeokoka.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika haraka.

Kgotla ilijaa. Wanaume walikuja na viti vyao, wanawake wakatandika mablanketi chini. Bibi Gasennelwe alisimama peke yake, kashikiza shali yake kwa pini, miguuni viatu vikubwa vya marehemu mumewe. Chifu akamuuliza usiku huwa anafanya nini.

"Sipati usingizi, Chifu. Tangu mume wangu afe. Ni hilo tu."

Mtu nyuma akapiga kelele kwamba wenye dhamiri safi wanalala. Tebatso akaitikia. Nilikuwa naandika. Nikafika kwenye neno "wanalala" na kalamu ikagoma. Nikamwona Bibi anatafuta pa kushika na hakuna kitu cha kushika.

Nikasimama. Nikasema taa ni yangu. Nikaitoa tochi mfukoni na kitambaa chake.

Kikalipuka kicheko, hadi kiti cha mtu kikaanguka.

"Wewe?" akauliza Mzee Kelapile, machozi yakimtoka. "Wewe ambaye jua linakukalia kichwani na bado unakoroma?"

Nikaeleza yote. Nafasi ya kazi, kukesha, chumba cha majalada. Kicheko kikapungua. Chifu akageuka kwa Mzee Kelapile, akauliza yule mbuzi walipompasua walikuta nini tumboni. Mzee akaangalia viatu vyake. Mifuko ya plastiki, akasema. Tangu Alhamisi anajua. Aliona aibu kuyafuta aliyokwisha kuandikisha.

Hapo Bibi akacheka kidogo. Akasema yeye alijua ni mimi tangu usiku wa kwanza, ila hakutaka kunichongea. "Nilikuwa namfuata nyuma, huyu mtoto. Tochi yake haioni mbele. Niliogopa ataingia kwenye shimo la wafyatua matofali."

Nilitaka kumkumbatia. Kumbe zile hatua!

"Ila sikusogea karibu," akaendelea. "Niliona si adabu, maana alikuwa na mwenzake."

Chifu akauliza, mwenzake yupi.

"Yule mrefu. Anayetembea peku. Kila usiku alikuwa katikati yetu." Akanigeukia. "Nilidhani mnajuana, mwanangu."

Mbwa wa Chifu aliyekuwa amelala chini ya meza yangu akanyanyuka, akatoka nje polepole. Chifu akafunga kesi upesi kuliko nilivyowahi kuona. Hata "Pula!" ya kumalizia kikao, ile dua ya mvua, watu waliitamka kama wanaomba radhi.

Hukumu: Bibi hana kosa. Mimi na Tebatso tutanyoosha bati lake na kumwomba msamaha, Tebatso kwa kunusa visivyonusika. Ukarani mkuu ni wa Tebatso hata hivyo. Nimepigwa marufuku kutembea usiku. Na nikichelewa tena, hata siku moja, kazi sina.

Nje, muuguzi wa zahanati alinivuta kando. Akasema wanatafuta mtu wa mapokezi wa zamu ya usiku, saa mbili jioni hadi alfajiri, kuna jiko la kuotea moto, na kazi kama hiyo ni kama imeshonwa kwa vipimo vyangu. Bibi, aliyekuwa karibu, akasema chukua, mwanangu, nitakuwa nakuletea chai.

Nimekataa. Tebatso atasema nimeshindwa! Kesho saa moja na nusu nitakuwa mezani kama mtu yeyote wa mchana.

Kuna kuamka, bila shaka. Lakini nimepata njia. Yupo mtu ambaye halali kabisa, anafahamu ninapokwenda, na hana kazi nyingine. Nimeweka sahani ya uji wa mtama dirishani. Nikafungua dirisha kidogo, nikasema gizani, wazi na kwa heshima, saa kumi na mbili kamili, tafadhali. Hivi mbona sikuliwaza mapema?

Jumanne, 11 Juni

Saa kumi na mbili kamili. Nimegongewa. Mara tatu, taratibu. Sahani ni nyeupe, uji umekwisha.

Naandika chini ya blanketi. Nimemwambia anipe dakika tano tu.

Amekubali. Kitanda kimebonyea miguuni pangu, anasubiri. Miguu yake baridi kweli, lakini mstaarabu sana. Nitamwomba kumi.