Kitabu Kilichokufa Ijumaa

Katika ukoo wetu wote hakuna aliyeandika kitabu kirefu kama shemeji yangu. Kilikuwa kirefu mno hata hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake. Mwanzo nao hakuna aliyeuona!

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu. Tangu alipoacha kazi ya kuuza bima ili "aitumikie kalamu," alitaka sote tumwite Mwandishi. Mlango ukining'inia kwa bawaba moja, Mwandishi yuko sura ya tisa, asisumbuliwe. Mtungi wa gesi ukiisha, yuko sura ya kumi na moja, tena pale pagumu! Mtungi nabeba mimi niliyekuja kuwatembelea tu, na nikipita mlangoni kwake nasikia kompyuta inagawa karata. Kwa mtu anayeandika, alikuwa anashangilia mno.

Shida ilikuwa chumba. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala: kimoja chao, kingine "ofisi." Mama yetu alipopasuliwa goti akaletwa kuuguzwa, ofisi haikuguswa. Mama mkwe mzima akalazwa kwenye kochi la sebuleni, kochi fupi linaloacha miguu nje, na mguu unaobaki nje zaidi ndio huo huo mbovu!

Dada akachoka.

"Mume wangu, ama kitabu kiishe, ama mama aingie chumbani."

Mwandishi akapandisha miwani juu ya paji la uso. "Jumapili, tukishakula, nitawasomea sura tatu za kwanza. Mkilia msinilaumu."

Ijumaa asubuhi laptopu ikaanza kugonga. Kwa! Kwa! Kwa! Kama mgeni anayebisha hodi na wenyewe wamejifungia. Kisha skrini ikawa nyeusi, na maandishi madogo meupe yakatangaza kwamba diski haionekani.

"Uuuwi! Kurasa mia sita! Zimekwenda!"

Tulikimbia tukamkuta ameshika kichwa. Machozi yalikuwepo, sikatai. Lakini mchana alikula sahani mbili, na jioni nikamsikia bafuni anaimba! Majirani walipokuja kumpa pole aliwapokea kitini, mkono kifuani, akiwaambia ataanza upya polepole, mle mle chumbani, hata ikichukua miaka.

Mambo yangeishia hapo, ila mama yetu anampenda mkwe wake. Anampenda kwa dhati! Alilia kuliko mwenye kitabu.

"Mtu amejifungia miaka yote hiyo, halafu ipotee hivi hivi? Atafutwe fundi."

"Mama, usijisumbue. Kilichokufa kimekufa."

"Mkwe wangu, nimesema atafutwe fundi."

Basi! Mwanamume anaweza kubishana na mkewe, na bosi wake, hata na askari wa barabarani. Na mama mkwe? Mwandishi aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu anayesubiri kung'olewa jino zima.

Jumamosi fundi akaja, bisibisi sikioni, maringo ya daktari mkuu.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Mama akanyoosha mkono.

"Tangu ianze kugonga, imewashwa tena?"

"Kila saa," dada akajibu. "Huyu anaiwasha na kuizima. Anasema anaiombea."

"Mzee! Kuiwasha hivyo ndiko kuimaliza!"

"Kumbe?" alisema Mwandishi, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Fundi akakipiga kofi.

Diski ikatolewa, ikaunganishwa kwa waya na kompyuta ya fundi. "Kwanza nanakili kila kinachosomeka kabla haijakata roho," akatuambia. "Msiitikise."

Mwandishi akapita, akaigonga meza kwa nyonga. Akaomba radhi. Akapita tena! Akauliza kama ni kweli kwamba diski ikitiwa kwenye friza inapona, maana yeye yuko tayari kuipeleka mwenyewe. Jamani, nimeona wafiwa wengi, lakini mfiwa anayeogopa marehemu asije akaamka, huyo nilimwona siku hiyo tu.

"Mkalisheni huyu," fundi akaamuru.

Mama akapigapiga kochi. "Njoo, mkwe wangu. Nipe mkono tuombe pamoja."

Wakaomba. Midomo ya wote wawili ilicheza, ila sidhani walikuwa wanaomba kitu kimoja. Diski ikagonga, ikanyamaza. Mwandishi akatabasamu. Ikazunguka tena. Tabasamu likaondoka.

Jioni fundi akasimama akajinyoosha mgongo. "Nimekitoa kitabu!"

Mama akapiga vigelegele. Dada akamrukia mumewe shingoni, naye alikuwa amekauka kama ubao wa kupigia pasi. Kwa kuwa mama haoni maandishi madogo, fundi akachomeka waya kwenye televisheni ya ukutani, na kitabu kikajaa ukuta.

Kwanza jalada. Jina la Mwandishi lilikuwa kubwa kiasi cha kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Juu yake paliandikwa: JINA LA KITABU LITAKAA HAPA.

Zikafuata picha za jalada la nyuma: Mwandishi kashika kidevu, Mwandishi anatazama mbali, Mwandishi anatazama mbali huku kashika kidevu.

Ikaja hotuba ya kupokea tuzo, imepangwa vizuri, na katikati mabano: "Hapa nasubiri makofi yaishe."

Yakaja mahojiano. Anayeuliza ni yeye, anayejibu ni yeye, na kuna swali moja alilokataa kulijibu kwa unyenyekevu.

Zikaja shukrani, kurasa sita! "Na zaidi ya wote, mama mkwe wangu, aliyekubali kulala kwenye kochi ili fasihi iishi."

"Amenitaja!" mama akafurahi. "Haya, sasa fungua kitabu chenyewe."

Fundi akafungua Sura ya Kwanza. Televisheni ikawa nyeupe pe! Juu kabisa, pembeni, palikuwa na maneno mawili:

"Asubuhi moja"

Tukasubiri. Hakuna kilichofuata, hata nukta.

"Yamekwama!" Mwandishi akaruka. "Mengine yamekwama kwenye sehemu mbovu ya diski! Fundi, waambie yamekwama!"

Fundi akachukia. Alikuwa amekosolewa kazi yake mbele za watu. "Yamekwama wapi? Nimetoa kila kitu, mzee! Hapa haijapotea hata herufi moja!"

Nilimtazama mama. Uso ulimshuka, na kwa mara ya kwanza nikamwonea shemeji huruma, maana afadhali angetukanwa. Mama hakumtukana. Aliomba mkongojo wake, akasimama. Kisha akavuka sebule, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Siku hizi mama analala amenyoosha miguu yote miwili, na kila asubuhi anaita kutoka kitandani, kwa heshima zote:

"Mwandishi! Umefika wapi leo?"

Na jikoni, povu hadi kwenye viwiko, sauti inaitikia:

"Sufuria ya pili, mama!"