Kijiti cha Gitaa la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Bahati mimi nilizaliwa nayo, kama mtu aliyezaliwa na kidole cha sita. Wengine wakigusa kitu kinavunjika, mimi nikigusa kinapona. Dunia nimeizunguka (miji mitatu, na mmoja niliupita nimelala ndani ya basi), sijaona mkono mwepesi kama wangu. Ndiyo maana shemeji, mume wa dada, aliposafiri kikazi aliniachia mimi gitaa lake la umeme. Si yule kinyozi jirani! Mimi! Alisema nilitunze hadi arudi Jumamosi. Nikilitunza, jioni ile ile napanda naye jukwaani, gitaa la pili. Likipata hitilafu, nafasi ni ya kinyozi.

Nimelipiga mchana kutwa. Lina kijiti cha chuma kilichochomoza karibu na nyuzi. Ukikibonyeza taratibu, sauti inalegea, inazama, kisha inapanda tena polepole kama pazia linalovuta pumzi dirishani. Dada anashona mapazia hapa hapa sebuleni ninapolala. Mapazia yanapepea, sauti inapepea, nami napepea. Nilisahau kula. Mimi, kusahau kula!

Jioni nikafua shati. Kamba ya nje imejaa. Kijiti nacho kimepinda vizuri kama ndoano. Nikalitundika. Kidogo tu, likauke.

Tak.

Jumanne, 4 Machi

Kijiti kimekatika. Nusu ninayo. Nusu nyingine imebaki ndani ya tundu lake, imekaza kama skrubu, haishikiki.

Nililala vibaya. Mto wangu ni mfuko wa gitaa, mlaini, ila kuna kitu kigumu humo kinanichoma sikio. Nikaota niko jukwaani, jukwaa lenyewe la kitambaa. Nikibonyeza kijiti, watu wote wanazama hadi magotini, wanaibuka wanatabasamu. Mara kinyozi akaja na mkasi.

Mpango wa kwanza: gundi kali. Nikaunganisha vipande, nikavishikilia huku nikiimba nyimbo zote ninazozijua. Kijiti hakikushika. Vidole vilishika. Dada akanikuta nimegandana na gitaa, akauliza, mdogo wangu, ndoa hii mmefunga lini mbona sikualikwa? Akanilainisha kwa maji ya moto na sabuni. Nikamsihi asimwambie mumewe. Akasema yeye hana mdomo, ila mumewe ana macho.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili, wa kijasusi. Kinyozi naye ana gitaa, limetundikwa ukutani kwenye banda lake, kijiti kizima kinameremeta. Nikaenda kunyoa. Alipomaliza upande mmoja akatoka kuteka maji. Nikakizungusha kile kijiti, kikatoka chenyewe kama jino la mtoto. Mbio!

Nyumbani nikakumbuka. Tundu letu bado lina ile nusu! Kijiti cha watu kitaingilia wapi? Halafu nikajipapasa, nikakumbuka na kichwa. Upande mmoja msitu, upande mmoja uwanja wa mpira.

Ikabidi nirudi. Nikamkuta kaketi kwenye kiti changu, mashine mkononi, katulia. Hakugomba hata. Alisema, bwana mkubwa, mwizi wa nusu kichwa hatafutwi, hujileta. Akachukua kijiti chake. Akaniarifu kwamba viatu vya Jumamosi ameshanunua. Nikauliza, na upande huu mwingine je? Akasema huo nitanyolewa nikishajifunza adabu.

Nimeazima kofia.

Alhamisi, 6 Machi

Sikio linaniuma, lakini ndoto ilikuwa tamu. Kijiti kilichipua majani, kikarefuka, kikainama juu yangu kama mwavuli. Nikaamka nimeelewa. Mwavuli!

Wa dada unaning'inia nyuma ya mlango. Mpini wake ni chuma chembamba, mwisho umepinda. Kuukata ilikuwa kazi ya dakika. Nikaufunga kwa waya kwenye kile chuma kinachoshikilia nyuzi. Nikabonyeza. Sauti ikayumba! Iliyumba kama mbuzi mwenye mafua, lakini iliyumba. Nikafumba macho. Nikauona umati.

Nikafumbua. Kinyozi alikuwa dirishani. Aliuliza napiga gitaa au nangoja mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ikaja kweli.

Dada alikuwa na mapazia ya mteja, ahadi ya leo leo. Akaufuata mwavuli, akapata nguo bila mpini. Akageuka, akauona mpini kwenye gitaa. Kimya. Dada akigomba ni manyunyu. Akinyamaza, ni mvua ya mawe.

Moyo ukanisuta. Nikavua koti, nikayafunika mapazia, nikayabeba mimi mwenyewe. Yamefika makavu kabisa. Mimi nilifika kama samaki. Mteja akatazama kichwa changu nilipovua kofia, akasema pole, akauliza kama ni ugonjwa.

Kurudi sikukimbia. Mabati yalikuwa yanalia, mara juu, mara chini, kama kuna mtu anaubonyeza mtaa mzima na kuuachia. Nilisimama katikati ya njia kusikiliza. Nimepata mafua.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji karudi. Kinyozi kafika naye mlangoni, viatu vinang'aa. Shemeji akaliona gitaa, akashika mpini wa mwavuli, akakaa chini sakafuni. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

Nikasema yote. Shati, gundi, wizi. Akaniuliza, sasa shemeji, kile cha akiba hukukiona? Akavuta mto wangu, akafungua mfuko mdogo wa pembeni, akatoa kijiti kipya. Wiki nzima nimekilalia! Akachonga mfereji kichwani mwa kile kipande kilichokwama, akakizungusha kwa bisibisi, kikatoka.

Lakini ahadi ni ahadi, akasema, nafasi ni ya kinyozi. Nikainamisha kofia. Hapo dada akadakia kwamba wa kuharibu ni mimi, na wa kubeba mapazia mvuani ni mimi pia, kwa hiyo wahesabu vyote. Shemeji akakuna kidevu. Wimbo mmoja, basi. Kinyozi akaguna, akaniazima gitaa lake. Kisha akanikalisha kitini, akamalizia kichwa, eti hawezi kupanda jukwaani na nusu mtu.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa polepole. Nilibonyeza. Naapa, ukumbi mzima ulizama hadi magotini, ukaibuka unatabasamu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kasafiri tena. Gitaa kaniachia! Amesema hataki kusikia habari ya shati. Nikamwapia. Mimi ni mtu wa neno langu.

Leo nimefua ile suruali ya jukwaani. Kamba imejaa mapazia. Shati sikutundika, neno langu ni neno. Hii ni suruali. Tena kidogo tu, ikauke.

Tak.

Cha akiba kilikuwa kimoja. Na yale niliyoandika Jumatatu kuhusu bahati ni uongo. Sina.